Aliyekataa Kuamini Asilimia

Baba yangu alikuwa anapima kahawa kwa meno. Anachukua punje moja kwenye jamvi, anaiweka kwenye magego, anauma, halafu anatulia kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Ikilia "ka", imekauka, tunafunga magunia. Ikinyamaza, tunageuza jamvi na kusubiri siku mbili nyingine. Pale kwenye chama cha ushirika kulikuwa na karani mwenye kidude cha kupimia unyevu, kina mshale. Siku moja kidude kikasema kahawa yetu mbichi. Baba hakubishana nacho. Aliuma punje mbele ya watu wote, ikalia, akamkabidhi karani nyingine: "Na wewe uma." Karani akauma kwa hasira, jino likavunjika. Habari hiyo ilitembea Kamachumu nzima kabla sisi hatujafika nyumbani. Tulimkuta mama ameshaisikia, amekaa chini anacheka hadi machozi.

Sijui kwa nini nimeanzia huko. Ndiyo, najua, ni kwa sababu ya lile jamvi. Pembeni mwa kahawa baba alikuwa anaanika pia betri za redio, zile nene, mbili mbili, zimelala kama pacha. Zikipata jua la siku nzima, jioni redio inasema tena, kwa sauti ya mgonjwa, lakini inasema. Zikikataa kabisa anaziuma ubavuni, zinabonyea, zinatoa mabaki yao ya mwisho na taarifa ya habari inaisha salama. Nyumba zote zilifanya hivyo. Hakuna aliyefundishwa na mtu.

Sasa sikia nilichofanya mimi, mtu mwenye wajukuu. Binti yangu, mwalimu huko Muleba mjini, aliniletea simu ya kupangusa aliyokuwa anatumia yeye. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mwaka wa pili ikaanza kuchoka: asubuhi imejaa, mchana imekata. Nikafikiri kidogo, nikatoka nayo nje, nikaianika kwenye turubai la kahawa. Msimu mzima wa mavuno! Na mke wangu akipita kugeuza kahawa anaigeuza na simu, upande wa pili nao upate jua.

Basi, fundi. Fundi tulimjua kwa kibanda chake kilichokuwa karibu na mashine ya kukoboa kahawa. Tangu enzi za vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, sisi ambao umeme ulikuwa haujatufikia tulimpelekea simu atuchajie. Miaka mingi nilimpa kitochi changu asubuhi, nikakichukua jioni, nikasema asante, basi. Sikuwahi kukaa naye. Aliyenikalisha naye ni Evarist, na kilichonikalisha ni kibanja.

Kibanja cha baba, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, tuliachiwa wawili, mimi na mdogo wangu Deo, bila kugawanywa. Makaburi ya wazazi yako humo, katikati ya migomba. Deo alikwenda visiwani kuvua, akakaa hukohuko. Ikaja siku Evarist, mtoto wa baba mkubwa, akasimama kwenye kikao cha ukoo na kusema Deo amemwagiza upande wake uuzwe, na mnunuzi yupo, mtu wa Bukoba anayetaka kujenga nyumba ya wageni. Upande upi? Ule wa barabarani, wenye makaburi! Nikasema Deo hawezi kusema hivyo. Evarist akasema anaweza na ameshasema. Mkuu wa ukoo, mzee asiyependa kelele, akaamua: Deo aseme kwa mdomo wake mwenyewe, sote tusikie. Asiposema, neno la Evarist litasimama na kibanja kitauzwa.

Deo hakuweza kuja. Mguu wake ulikuwa umevunjwa na injini ya boti, hawezi kupanda wala kushuka. Na kisiwani kwao mtandao unashika juu ya jiwe moja tu, kwa hiyo ilibidi wenzake wambebe mpaka pale. Tukapanga siku, wakambeba. Simu yangu ilisema asilimia arobaini na moja. Niliitazama mara tatu, nikaona inatosha na kubaki. Nikafungua spika, nikaongeza mwanga mpaka mwisho ili wazee waone jina la Deo limeandikwa, nikaiinua juu. Sauti ikaja, ya Deo kabisa, na upepo wa ziwa nyuma yake:

"Wazee wangu, nawasalimu. Kuhusu kibanja cha baba, mimi nasema..."

Kioo kikawa cheusi.

Evarist alipiga makofi. "Kaka, umezima mwenyewe! Umeona anataka kusema ukweli, umezima!"

Niliapa. Nikaiwasha mbele yao, ikawaka, ikaandika asilimia thelathini na nane, ikazima tena kabla hata sijagusa kitu. Namba ya Deo ilikuwa humo ndani, kichwani sikuwa nayo. Alipopatikana mtu mwenye namba hiyo, simu ya Deo nayo ilikuwa imekufa kule juu ya jiwe. Mkuu wa ukoo akasema tutakutana mara moja tu tena, Jumamosi ya tatu kutoka siku ile. "Na iwe simu hiyohiyo na namba hiyohiyo," akasema, "mtu asije akadai mmeniletea Deo mwingine."

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua.

Alikuwa mtu mfupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwaka, na miwani iliyoshikwa kwa waya wa shaba. Aliichukua simu yangu, akailaza mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka kama pia.

"Ina mimba," akasema.

"Simu?"

"Betri imevimba. Imeinua mgongo. Mzee wangu, umeifanya nini?"

"Nimeitunza tu."

"Mchana ulikuwa unaiweka wapi?"

Nikatazama mlango.

"Mzee."

"Kwenye turubai."

"Turubai la nini?"

"La kahawa."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alivuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, macho yanang'aa. "Niambie vizuri. Uso juu au uso chini?"

Ndivyo alivyokuwa! Mtu mwingine angekucheka. Yeye kosa lako alilipokea kama mgeni aliyeleta habari. Alitaka kujua saa ngapi ulianika, jua kali au la mawingu, uliichomoa kwenye chaja kwanza au uliianika inachaji. Alikuuliza maswali kama mganga wa zahanati: imeanza lini, inazidi wakati gani, usiku inalala na nani. Binti mmoja alijibu inalala chini ya mto. Fundi akashika kichwa. "Unaifunika? Na joto lake? Wewe ukifunikwa uso na mto unalala?"

Kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni ile namba ya juu pembeni. Mtu akiingia na kusema, "Fundi, simu yangu ina asilimia themanini," yeye anajibu, "Nani kakwambia?" Mtu anasema imeandikwa. "Imeandikwa na nani?" Na simu. "Na simu imeona wapi?" Hapo ndipo unaachishwa haraka zako, unakalishwa.

Maelezo yake nimeyasikia mara nyingi mpaka nayaota. Simu haina jicho la kuchungulia ndani ya betri, alisema. Inachoweza ni kupima nguvu inayotoka, na kuhesabu kilichoingia na kilichotoka, halafu inakisia. Betri ikiwa mpya, makisio yanakaribia ukweli. Ikizeeka, inabeba kidogo, lakini simu bado inaikumbuka ilivyokuwa ujanani. "Mia ya betri mzee na mia ya betri kijana si mia moja," alisema. "Ni kikombe na debe, vyote vimejaa."

Nikamuuliza, lakini yangu ilisema arobaini na moja, mbona ilikufa ghafla? Alisimama kwa furaha, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza vizuri namna ile.

"Ukimkuta mzee amekaa barazani, mnaongea, anacheka, utasema ana nguvu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa mwambie abebe mkungu wa ndizi apande nao mlima. Atafika?"

"Ataanguka."

"Betri yako ilikuwa imekaa barazani! Arobaini na moja ya kukaa. Wewe ukaja ukaitwika spika, ukaitwika mwanga wote, ukaitwika kutafuta mnara, vyote kwa pamoja. Nguvu ikashuka ghafla, simu ikaona hatari, ikajizima. Ulipoiwasha ikawa imepumzika, ikasema thelathini na nane. Haikukudanganya kwa ubaya, mzee wangu. Haikujua."

Nilitoka pale natembea kama kijana. Nilikuwa na ushahidi! Nikaenda moja kwa moja kwa Evarist kumweleza habari ya mzee na mkungu. Evarist akasema, "Kwa hiyo simu yako imezeeka kama wewe." Nikarudi nyumbani.

Fundi alikuwa na ukurasa mmoja ndani ya simu alioupenda kama watu wa kanisani wanavyopenda zaburi. Unaingia kwenye mipangilio, unaingia kwenye betri, na hapo imeandikwa nani kala kiasi gani. "Hapa mwizi anaandikwa jina lake," alikuwa anasema, na anausoma kwa sauti hata kama kibanda kimejaa watu. Mume mmoja alikuja na simu ya mkewe, amevimba kuliko betri yangu, anasema mke anaongea na mtu mchana kutwa ndiyo maana chaji haikai. Fundi akafungua ukurasa. Simu za kupiga: kidogo sana. Aliyekula ni picha za mpira. Mke hajui hata goli ni nini. Watu wakamgeukia mume. Ndiye aliyekuwa anaichukua simu ya mkewe kuangalia mpira, anaacha imewashwa huko ndani. Mwanamume akatafuta mlango. Mkewe, ambaye alikuwa amesimama nje muda wote, akamwambia, "Pita, pita, baba, usijigonge."

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alikuwa hasemi na mtu vizuri. Watu walikesha na tochi za simu wakiokota, asubuhi wanapanga foleni na simu zimezima, na kila mmoja analalamika betri mbovu. "Betri yako nzima," anasema, "senene wako wangapi?" Anayelalamika sana lazima aache kiganja kimoja cha senene. Alikuwa anawapenda kupita kiasi.

Nisimpambe. Alikuwa mgumu pia. Alihubiri simu isikae karibu na joto, na juu ya meza yake ya kazi, katikati ya simu za watu, kulikuwa na chupa ya chai ya moto na jiko dogo la mkaa la kuchemshia gundi. Alisema usisubiri betri ifike sifuri ndipo uichaji, inaumia, na yeye mwenyewe alikuwa hali kitu kutwa mpaka jioni anatetemeka mikono. Simu aliisikiliza saa nzima, mtu alimkatiza neno la pili. Wakati mwingine alikosea. Alimwambia katekista wetu azime kila kitu, data, sauti, arifa, ili chaji ikae, na katekista akatii, na ujumbe wa msiba wa shangazi yake ukamkuta siku mbili baadaye. Katekista alikuja kibandani akalia. Fundi hakujitetea. Alifunga kibanda, akaenda kwenye msiba ule Izimbya, akachota maji na kupasua kuni mpaka matanga yalipokwisha, na hakuna aliyemjua pale. Aliporudi alikuwa anawaambia watu, "Punguza, lakini acha mlango mmoja wazi." Hilo ndilo alilojifunza.

Narudi kwenye kibanja, maana siku zilikuwa zinakwenda na mimi usingizi ulikuwa umekataa. Nilikuwa naamka asubuhi natazama makaburi ya baba na mama, naona pale ukuta wa nyumba ya wageni.

Betri mpya ilibidi itoke Bukoba mjini. Tulikwenda pamoja. Duka la kwanza muuzaji alitoa betri, imeandikwa namba kubwa kweli juu yake. Fundi akaipima mkononi, akaninyooshea. "Shika. Nzito?"

"Nyepesi."

"Namba ya ng'ombe, uzito wa kuku." Akairudisha. Duka la pili vilevile. La tatu muuza duka akakasirika: "Mzee, unanunua betri au nyama?" Fundi akasema, "Nyama ningekuamini." La nne akapata aliyoitaka, akaipima kwa mita yake, akaitikia kwa kichwa, na mimi nikashangilia barabarani mpaka watu wakageuka.

Nilifikiri tumemaliza. Wapi! Akasema simu bado inamkumbuka mzee aliyekufa, haimjui kijana aliyeingia. Lazima wafahamiane. Ukiitumia bila kuifundisha itakisia ovyo. Mara moja, akasisitiza, mara moja tu na si desturi, iachwe itumike mpaka izime yenyewe, halafu ijazwe mpaka mwisho bila kukatizwa. Tulifanya hivyo. Kisha akaipima kwa kazi yenyewe: anafungua spika, anapiga simu kwa mwenye mashine ya kukoboa ambaye yuko hatua ishirini, na wanaongea mpaka chaji ikaribie kuisha. Mwenye mashine alikuwa hana la kusema, akawa anamhesabia magunia. Fundi anatazama saa na kuandika kwa mkaa ukutani: kutoka hapa mpaka hapa, muda huu. Siku tatu hivyo. Alikuwa kama baba yangu na punje yake. Nilimwambia hivyo, akauliza karani alivunjika jino la juu au la chini.

"Na upande wa pili?" akaniuliza siku moja.

"Upande wa pili wa nini?"

"Deo. Kwani yeye anaongea kwa gogo? Simu mbili, betri mbili."

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa! Akamwita mama wa dagaa, mwanamke mmoja anayevuka kwenda kisiwani kwa Deo kila wiki. Wawili hao walikuwa wanafahamiana kwa ugomvi. Zamani alikuwa anamlalamikia fundi kwamba simu anaitoa kwake imejaa, akifika katikati ya maji imekwisha, na hajapiga hata simu moja. Fundi alimweleza: ziwani hakuna mnara, simu inapiga kelele, "mko wapi, mko wapi," mara inatafuta mnara wa Tanzania, mara wa Uganda, inajichosha. Aizime ile sauti kwa kubonyeza alama ya ndege mpaka afike. Mama wa dagaa alijibu kwamba yeye anapanda boti, hapandi ndege. Walibishana wiki mbili. Siku alipojaribu na kufika na chaji yake, alimletea fundi samaki, akamtupa mezani bila kusema neno.

Sasa fundi akampa pawabenki yake, ile betri ya akiba ya kuchajia simu, aliyokuwa nayo moja tu. "Mpe Deo. Mwambie alama ya ndege mpaka awe amekaa juu ya jiwe. Asiwashe mapema akaringa."

"Nitamwambia waitu," akasema mama wa dagaa kwa adabu ya kwetu, "na akiringa nitamsukuma majini na plasta yake."

Jumamosi ikafika. Ukoo mzima ulikuwa uani kwangu. Simu ilikuwa imejaa alfajiri. Lakini mkuu wa ukoo alichelewa mno, na wakati tunasubiri, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, wajukuu zangu waliichukua simu ndani wakaangalia vichekesho. Nilipoishika ilisema asilimia tisa. Tisa! Pawabenki iko kisiwani. Evarist akachungulia begani kwangu, akatangaza kwa sauti, "Asilimia tisa, wazee! Leo tena tutaoneshwa kioo cheusi!"

Nikamtazama fundi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anatafuna kijiti.

"Ni tisa za kweli," akasema. "Nimezipima. Zinatosha. Data izimwe. Mwanga ushushwe. Na hapa mlipokaa hapafai, mnara unashika pale." Akanyoosha mkono kwenye banda la mbuzi. Alikuwa amezunguka ua mzima asubuhi na simu mkononi, sisi tukidhani anatafuta choo.

Mkuu wa ukoo akasema, "Kwenye mbuzi?"

"Simu ikiwa karibu na mnara haipigi kelele, mzee. Inakula kidogo."

Basi ukoo ukanyanyua viti. Wazee wenye kanzu na makoti, mikongojo mkononi, tukahamia kwenye banda la mbuzi, tukakaa kwa cheo kama kawaida, mkuu wa ukoo akiwa amepakana na beberu. Nikapiga. Deo akapokea papo hapo, sauti safi, na fundi akatabasamu.

Na hapo nikakumbuka kitu ambacho hatukukipima. Salamu! Sisi mtu hawezi kusema jambo kabla hajasalimiana na kila aliyeko, na kila aliyeko lazima auliziwe wa nyumbani kwake. Mkuu wa ukoo akasalimia. Nane. Mzee wa pili akasalimia, akaulizia mguu. Wa tatu akaulizia mguu upi. Saba. Ikafika kwa Evarist, naye akainama kwenye simu kwa heshima isiyo ya kawaida:

"Deo, ndugu yangu, hamjambo huko? Na mkeo? Na watoto? Wa kwanza? Wa pili je? Na samaki wanapatikana? Na mvua? Huku mvua ilinyesha Jumanne, halafu Jumatano ikaacha..."

"Evarist!" nikasema.

"Namsalimia ndugu yangu, kaka. Ni kosa? Na yule jirani yako, yule mwenye kikohozi, alipona?"

Tano. Nne. Nilikuwa nalowa jasho. Nilimwona mke wangu ameshika shavu. Mkuu wa ukoo hakuweza kumkatiza, maana kumkatiza mtu anayesalimia ni aibu kubwa. Tatu. Fundi hakuitazama simu hata mara moja. Alimtazama Evarist kama alivyokuwa ananitazama mimi siku ya turubai, kama anataka kujua zaidi. Halafu akasema polepole, "Endelea, mzee wangu. Ipo."

Evarist aliishiwa. Kweli, mtu huishiwa watu wa kuulizia. Alifika kwa mbwa wa Deo akanyamaza. Simu ilisema moja.

Mkuu wa ukoo akasema, "Deo. Kibanja."

"Mkuu," sauti ikatoka kati ya mbuzi, "mimi sikumwagiza mtu. Evarist alinipigia, akaniuliza kama nina shida, nikasema nani hana shida. Basi. Kibanja cha baba hakiuzwi. Upande wa barabara wala upande wa bonde. Nikifa nileteni hapo, mnilaze karibu na mama. Kaka yuko hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Ulikata siku ile?"

"Betri ilikuwa imevimba. Nilikuwa naianika kwenye kahawa."

Upepo wa ziwa ukapita. Halafu Deo akacheka, kile kicheko chake cha utotoni, na wenzake wa kule juu ya jiwe wakacheka, na ukoo mzima ukacheka, hata mkuu wa ukoo, mpaka mbuzi wakasogea ukutani. Tukaongea naye habari za mguu, habari za mama, mambo ya zamani, na ile moja ikabaki moja. Ilikaa moja kama mtu aliyekataa kuondoka. Ni Deo aliyekata mwishowe, kwa sababu waliombeba walitaka kwenda kwenye nyavu.

Watu waliruka! Wanawake wakapiga vigelegele. Evarist alikuwa ameshachukua kofia yake. Mimi nilimkumbatia fundi na miwani yake ikaanguka kwenye kinyesi cha mbuzi, akaiokota anacheka, anaifuta kwa shati.

Mkuu wa ukoo akasimama kumshukuru. Kwetu hushukuriwi peke yako, wanashukuriwa na wa kwenu, lazima watajwe. Kwa hiyo akamuuliza, kwa upole kabisa, kama unavyomuuliza mtu aliyekufaa:

"Mwanangu, wewe ni wa ukoo gani? Kibanja chenu kiko wapi, tutume shukrani?"

Fundi akavaa miwani. Akatazama migomba, akatazama kule kwenye makaburi, akamtazama mzee. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni vizuri.

"Nakuja," akasema.

Akapita pembeni mwa jiko, akashika njia ya katikati ya migomba, mikono nyuma, haraka kidogo kama mtu aliyekumbuka kitu. Tulidhani amekwenda kujisaidia. Mke wangu alikuwa ameshapakua ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, akaitenga sahani yake, akaifunika kwa jani, akatuambia tusianze mpaka arudi. Tukasubiri na mikono tumeshanawa. Mkuu wa ukoo akatuma mtu mpaka barabarani. Barabarani hapakuwa na mtu. Ndipo tukaulizana, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwao ni wapi, wala kama aliwahi kuwa na kibanja. Kibanda chake hakikufunguliwa Jumatatu ile, wala siku nyingine yoyote.